Mwanamke na Uchawi wa Kiyoruba Katika Filamu: Kati ya Aiye, Magun, Arugba na Anikulapo, Uanze na Ipi?

Filamu ya Kinaijeria yenye uchawi haitafutwi, inakufuata yenyewe. Shida huanza unapotaka kitu zaidi ya bibi kizee anayegeuka bundi. Unataka kujua Wayoruba wanaiweka wapi nguvu ya mwanamke ndani ya imani yao, na watengeneza filamu wao wameitendea nini nguvu hiyo. Hapo ushauri unaanza kugongana. Mtu wa makamo atakwambia huwezi kuanza popote ila kwa Hubert Ogunde. Mpenzi wa sinema atakutajia Tunde Kelani. Kijana atakufungulia Netflix na kukuuliza unahangaika nini.

Nimeweka nne mezani: Aiye (1979), Thunderbolt: Magun (2001), Arugba (2008) na Anikulapo (2022). Ya tano, The Figurine (2009), nitaigusa tu. Sikuzichagua kwa kuwa ndizo bora kuliko zote. Nilizichagua kwa sababu kila moja inaiweka nguvu mahali pake. Katika ya kwanza mwanamke anayo, katika ya pili anatiwa mwilini bila kujua, katika ya tatu anaibeba kwa niaba ya mji mzima, na katika ya nne anainyakua. Ukishaliona hilo, kuchagua kunakuwa rahisi zaidi.

Imani yenyewe, kabla ya kamera

Usiruke sehemu hii. Bila hiyo filamu zote nne zitakuwa picha za mazingaombwe tu.

Kwa Wayoruba wa kusini magharibi mwa Nigeria na ng'ambo ya mpaka nchini Benin, àjẹ́, neno linalofasiriwa mara nyingi kuwa uchawi, ni nguvu kabla ya kuwa kosa. Wanaohesabiwa kuwa nayo zaidi ni wanawake, hasa waliozaa na kuzeeka, na huitwa Iyami, mama zetu, kwa heshima iliyochanganyika na woga. Wanaweza kufunga uzazi, kudorosha biashara na kumwangusha mfalme. Nguvu hiyohiyo ndiyo inayofungua uzazi, inayolinda soko na inayomkalisha mfalme kitini. Ndege aliye juu ya taji la shanga la mfalme wa Kiyoruba husomwa na wataalamu wa sanaa kuwa ni alama ya mama hao, na fimbo ya chuma ya babalawo, yaani mpiga ramli wa Ifa, elimu ya ramli ya Wayoruba yenye simulizi zake takatifu, nayo ina ndege kileleni.

Katika simulizi za Ifa, kwenye sura iitwayo Osa Meji, Mungu Mkuu Olodumare anampa mwanamke wa kwanza aliyeshuka duniani nguvu iliyo katika umbo la ndege ndani ya kibuyu. Mwanamke huyo akaitumia kupita kiasi, na kwa ujanja sehemu ya mamlaka ikahamia kwa mwanamume. Sura nyingine, Ose Otura, inasimulia kwamba waungu kumi na saba walitumwa kuitengeneza dunia, kumi na sita wakiwa wanaume na mmoja mwanamke, Osun, mungu wa mto. Wanaume wakampuuza. Mvua ikakataa, mipango ikaharibika, kafara zikawa hazifiki. Walipomrudia Olodumare aliwauliza kuhusu yule wa kumi na saba, kisha akawarudisha kwake wakaombe radhi. Shikilia simulizi hizi mbili, kibuyu chenye ndege na Osun aliyepuuzwa, maana tutazikuta tena kwenye skrini.

Ipo pia ngoma ya Gelede, yenye mizizi Ketu, mji wa Kiyoruba ulioko Benin, na sehemu za jirani. Wanaume huvaa vinyago na nguo za kike, wakajijaza vitambaa kifuani na kiunoni, wakacheza ili kuwafurahisha mama zetu. UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2008. Wanaume watu wazima wanatoka jasho kumbembeleza mama asikasirike: hiyo ni sura ya imani ambayo wenye kamera wengi hawakuona faida ya kuipiga picha.

Hata hivyo usidhani huko ni pepo ya wanawake. Ibada ya Oro huwafungia wanawake ndani, na vinyago vya mababu vya Egungun huchezwa na wanaume, ijapokuwa simulizi zinamtaja Oya, mungu wa kike wa upepo mkali, kuwa na mkono katika asili yake. Mwanazuoni Oyeronke Oyewumi alitoa hoja mwaka 1997 kwamba kabla ya ukoloni umri na ukubwa ndivyo vilivyopanga jamii ya Kiyoruba, si jinsia. Wenzake wengi wamempinga, na mabishano hayo bado ni ya moto. Mimi naona kila mmoja ana kipande cha ukweli, na filamu hizi nne zenyewe zinavutana vivyo hivyo.

Vipimo nilivyotumia

Kila filamu nimeipitisha kwenye maswali manne. La kwanza, nguvu iko wapi: nani anayo, na ameipataje? La pili, nani anabeba lawama mambo yakiharibika? Hili si swali dogo kwa msomaji wa kwetu. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho hayo chanzo chake ni moshi wa jikoni, kwa hiyo picha ya bibi mchawi kwenye skrini haiishii kwenye skrini. La tatu, imani imeonyeshwa kama dini yenye taratibu zake au kama kiini macho? La mwisho ni la vitendo: lugha, upatikanaji, na unaweza kuitazama ukiwa na nani sebuleni.

Aiye (1979)

Ogunde, aliyezaliwa mwaka 1916 na kufariki mwaka 1990, ndiye baba wa maigizo ya Kiyoruba ya kulipia kiingilio. Alikuwa mwalimu, kisha polisi, na mchezo wake wa kwanza mwaka 1944 aliutunga kwa ajili ya kanisa. Aiye aliitengeneza pamoja na mwongozaji Ola Balogun, na mwaka uliofuata akaiendeleza kwa Jaiyesimi.

*Nguvu iko wapi.* Kwenye baraza la usiku la wanawake. Wanakutana, wanapanga nani aharibikiwe, na kijiji kinaumia bila kujua kinapigwa na nani. Anayesimama mbele yao ni Osetura, mganga mwema, na anayemwigiza ni Ogunde mwenyewe. Kwa lugha ya vibanda umiza, Osetura ni steringi hasa, na steringi hafi.

*Nani anabeba lawama.* Wanawake, bila mjadala mrefu. Shauri la wema na ubaya linakwenda sambamba na shauri la mwanamume na mwanamke, na filamu haioni tatizo.

*Imani imeonyeshwaje.* Hapa pana utajiri ambao haupatikani kwingine. Nyimbo, maapizo na namna ya kumwita mungu kwa sifa zake vimetoka kwa watu walioishi navyo, hawakuvisoma kitabuni. Ila angalia jina la shujaa. Katika ile sura ya Ose Otura, Osetura ni mtoto wa kiume aliyezaliwa na Osun, yule mwanamke aliyepuuzwa, na ni kwa njia ya mtoto huyo ndipo kafara za wanaume zilipoanza kupokewa. Kwa hiyo Ogunde amemchukua mwana wa mwenye nguvu, akampa silaha, akamtuma kuwapiga wanawake wenye nguvu. Mama yake hatajwi. Sidhani Ogunde alikusudia kulificha hilo. Mtazamaji wake wa wakati ule aliijua simulizi na pengine aliijazia mwenyewe. Sisi tunaotazama kutoka mbali hatuna cha kujazia, na tunabaki na nusu ya habari.

Jambo la pembeni lakini linahusu: Ogunde aliwaoa waigizaji wake wengi wa kike, kwa sehemu ili kundi lisivunjike, kwani enzi hizo jamii ilimwona mwanamke wa jukwaani kama mhuni. Bila wake zake pasingekuwa na kundi la kutengeneza filamu ya namna hiyo.

*Utazamaji.* Ni ya Kiyoruba, nakala safi ni adimu, na mbinu za kugeuka na kutoweka ni za enzi zake. Mtoto wa leo atacheka.

*Inamfaa* anayetaka kujua picha ya mchawi wa Nollywood ilichongwa wapi. Haimfai mtu atakayeishia hapo.

Thunderbolt: Magun (2001)

Tunde Kelani alilelewa Abeokuta, akafanya kazi ya upigaji picha kwa miaka mingi, kisha akaanzisha kampuni yake ya Mainframe. Filamu hii imetokana na kisa cha Adebayo Faleti. Ngozi ni mwanamke wa Kiigbo aliyeolewa na Yinka, Myoruba. Kazi inawatenganisha, maneno ya watu yanamfikia mume kwamba mkewe hatulii, na wivu wa nyumbani unapata nguvu zaidi kutokana na chuki ya makabila. Yinka anamwekea magun.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu: ni tego. Mwanamume mwingine akimwendea mke huyo, anapatwa palepale. Wayoruba wanasimulia kwamba wapo wanaopinduka mara tatu na kufa, na wapo wanaowika kama jogoo. Kwetu tumezoea hadithi za wazinzi kunasiana. Mantiki ni ileile.

*Nguvu iko wapi.* Mwilini mwa mwanamke, lakini si yake. Hii ndiyo filamu pekee kati ya nne ambamo mchawi ni mume, kijana msomi mwenye sura nzuri, na mwathirika ni mke. Hakuna baraza la usiku wala bundi. Kuna mtu anayekula na wewe meza moja.

*Nani anabeba lawama.* Hapa Kelani anafanya kazi ya ustadi. Kila mtu karibu na Ngozi ana la kusema kuhusu mwenendo wake, na filamu inakuachia wewe uone kwamba hajafanya lolote. Tego limewekwa na mwanamume ili kumnasa mwanamume mwingine, na anayetolewa jasho la kifo ni mwanamke aliyegeuzwa chambo. Tiba nayo haikamiliki mpaka apatikane mwanamume wa kujitolea kulala naye huku mganga yuko tayari. Anajitokeza daktari aliyempenda. Hata kuokolewa kwake, basi, kunapitia mwili wake kwa namna ambayo hakuichagua, na sijui mtazamaji wa kike anayeipita sehemu hiyo bila kukunja uso.

*Imani imeonyeshwaje.* Kwa uzito. Waganga wa jadi si wahuni wala malaika, na hospitali inakutana na miti shamba bila mmoja kudhalilishwa. Kelani haulizi kama magun ipo. Anaichukulia kuwa ipo, kisha anauliza nani anaruhusiwa kuitumia na kwa nini.

*Utazamaji.* Kiingereza kingi kimechanganyika na Kiyoruba, jambo linaloirahisisha kwa anayeanza. Picha ni za video ya zamani. Mada ni nzito lakini haina utupu wa kukufukuza sebuleni.

*Inamfaa* anayefikiria ndoa, wivu na udhibiti wa mwili wa mwanamke. Walimu wa sosholojia wanaweza kuifundishia juma zima.

Arugba (2008)

Miaka saba baadaye Kelani anarudi na msichana aitwaye Adetutu, mwanafunzi wa chuo kikuu na mwimbaji, ambaye amechaguliwa kuwa arugba. Katika tamasha la Osun mjini Osogbo, linalofanyika kila Agosti, arugba ni msichana bikira anayebeba kichwani kibuyu cha sadaka za mji kutoka ikulu mpaka mtoni. Haongei njiani, na akijikwaa watu husoma ishara mbaya. Msitu mtakatifu wa Osun, wenye ukubwa wa hekta 75, umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2005. Sehemu kubwa ya sanamu zake zilisimamishwa na Susanne Wenger, msanii wa Kiaustria aliyegeuka kuhani wa huko na kuishi Osogbo hadi alipofariki mwaka 2009.

*Nguvu iko wapi.* Kichwani mwa msichana, kwa niaba ya watu wote. Hapa uchawi haupo kwa maana tuliyoizoea. Kipo kitu cha kale zaidi, yaani nguvu ya kike ikiwa ibada ya hadharani, mchana kweupe, mbele ya mfalme na watalii. Yule Osun aliyepuuzwa na wanaume kumi na sita ndiye anayefuatwa mtoni na mji mzima.

*Nani anabeba lawama.* Mfalme na wakuu wake wameoza kwa ufisadi, lakini usafi unaochunguzwa ni wa msichana. Minong'ono inaanza: je, bado ni bikira? Wanaoiba mali ya umma ndio wanaotaka kuhakikishiwa kwamba kibuyu kimebebwa na mikono safi. Kelani anaicheka hali hiyo kwa upole zaidi kuliko ambavyo mimi ningeicheka.

Ukizitazama Magun na Arugba mfululizo utaona ni pande mbili za swali moja. Kule mume analinda mali yake kwa tego, huku mji unalinda baraka zake kwa ubikira. Adetutu anaheshimiwa na Ngozi anateseka, ila katika habari zote mbili kuna watu wazima wanaojadili kitu ambacho ni siri ya msichana. Wapo watakaosema kulinganisha hivyo ni kuikosea adabu ibada. Hoja yao ina uzito: arugba anachaguliwa kwa ramli, ana cheo, na akiwa chini ya kibuyu hakuna mwanamume wa kumwamuru. Cheo hicho kina ukomo wake, lakini ni cheo.

*Imani imeonyeshwaje.* Kuliko zote nne, hii ndiyo inayoichukulia dini ya Kiyoruba kama dini. Kuna taratibu, nyimbo, zamu za watu, makosa yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa. Mtu aliyekulia kwenye picha ambamo kila kibuyu ni cha kumroga mtu atashtuka kukiona kibuyu kinachobebwa kama sadaka.

*Utazamaji.* Kiyoruba kwa wingi, chenye maandishi ya Kiingereza chini. Mwendo ni wa polepole, nyimbo ni nyingi, na visa vya pembeni vinajaa mpaka hadithi kuu inapotea kidogo katikati. Familia nzima inaweza kukaa.

*Inamfaa* anayetafuta upande wa heshima, na aliyechoka kuona imani za Kiafrika zikigeuzwa bango la kutisha watoto.

Anikulapo (2022)

Kunle Afolayan ni mtoto wa Ade Love, mmoja wa nyota wa sinema ya Kiyoruba ya enzi za Ogunde, na aliwahi kuigiza katika filamu ya Kelani ya Saworoide mwaka 1999. Hivyo ana damu ya nyumba moja na mafunzo ya nyumba nyingine. Anikulapo ilitoka Netflix Septemba 2022, ikafuatiwa na mfululizo mwaka 2024.

Saro, mfumaji wa vitambaa vya aso-oke, anafika Oyo na kuingia katika mapenzi ya siri na Arolake, mke mdogo wa mfalme. Wanagunduliwa, na Saro anapigwa mpaka kufa. Ndege wa ajabu aitwaye akala anakuja kumfufua. Arolake anamkabili ndege yule na kukitwaa kibuyu kidogo chenye nguvu ya kurudisha uhai. Wanatoroka, wanafika kijiji kingine, na Saro anakuwa mfufuaji mashuhuri.

*Nguvu iko wapi.* Umeona tena: ndege na kibuyu, alama zilezile za Osa Meji. Mwanamke ndiye aliyethubutu kuichukua nguvu, mwanamume ndiye aliyeitumia na kusifiwa. Arolake hana jina katika umaarufu ule, ingawa bila yeye Saro ni maiti porini. Sina hakika kwamba Afolayan alitaka tusome hivyo, lakini alama alizozishika ni nzito kuliko mapenzi ya watu wawili.

*Nani anabeba lawama.* Filamu yenyewe haijaamua, na hapo ndipo watazamaji walipogawanyika. Saro anavimba kichwa, anaongeza wanawake, anataka binti wa mfalme wa kijiji kile. Arolake, aliyeachwa bila mtoto na bila heshima, anamwaga kilichomo kibuyuni. Siku Saro anapotakiwa kumfufua mwana wa mfalme, hana kitu. Wapo wanaosema mwanamke mwenye wivu amemwangamiza mume. Wapo wanaosema alirudisha alichokuwa ametoa. Mimi niko na hao wa pili, ila ninakiri kwamba wake wenza wa ikulu wamechorwa kwa wino uleule wa zamani wa husuda na fitina, kana kwamba nyumba ya wake wengi haina habari nyingine.

*Imani imeonyeshwaje.* Kama hadithi ya kale iliyopambwa vizuri. Mavazi, majengo na lugha vinavutia sana. Taratibu za ibada ni chache, na nguvu inafanya kazi kama kifaa: unacho, au huna. Aliyekuja kutafuta Ifa ataondoka na njaa.

*Utazamaji.* Rahisi kupatikana kuliko zote, picha safi, maandishi ya Kiingereza. Inazidi saa mbili, na ina matukio ya chumbani yatakayokufanya uitafute rimoti mbele ya wakwe.

*Inamfaa* anayeanza kabisa, anayetaka hadithi kwanza na maswali baadaye.

Ya tano, na zile zilizobaki nje

The Figurine, pia ya Afolayan, inahusu sanamu ya mungu wa kike Araromire anayeleta miaka saba ya neema ikifuatwa na saba ya balaa. Marafiki wawili wanaiokota, na karibu mpaka mwisho tunamlaumu mungu yule, kabla ya kuona kiasi gani mkono wa mwanamume mwenye mapenzi yaliyofichwa umo ndani. Filamu inamalizia kwa kumuuliza mtazamaji anaamini nini. Kwa msomaji asiyeamini uchawi hata kidogo, huo ndio mlango wake.

Sikuweka filamu za walokole, kama zile za kundi la Mount Zion la Mike Bamiloye, kwa sababu zinajibu swali jingine: pale mganga wa Ogunde anaondolewa na mchungaji anakaa kitini pake, na jadi yote inawekwa upande wa shetani. Hata hivyo Agbara Nla yao ya miaka ya 1990 inastahili kutajwa kwa jambo moja. Mchawi wake aliyewanyima watoto usingizi, Isawuru, ni mwanamume. Mami Wata (2023) ya C.J. Obasi nayo huorodheshwa na hizi mara nyingi. Ni filamu nzuri sana ya rangi nyeusi na nyeupe kuhusu kuhani wa kike na binti zake, lakini lugha zake ni Kifon na pijini, na kijiji chake ni cha kubuni. Itazame, ila si kwa ajili ya kuwajua Wayoruba.

Kulingana na hali yako

Kama hujawahi kutazama filamu ya Kiyoruba na unahofia kuchoka, anza na Anikulapo, kisha nenda Arugba ukiwa bado unakumbuka kibuyu cha Arolake. Ukienda kinyume, Anikulapo itaonekana nyepesi kuliko inavyostahili.

Kama unaandika kazi ya chuo kuhusu jinsia, jozi yako ni Magun na Arugba. Mwongozaji mmoja, kampuni moja, mabinti wawili, na hutalazimika kueleza tofauti za mitindo. Ongeza Aiye iwapo tu mwalimu wako anataka historia, na ukiiongeza soma kwanza simulizi ya Osun, usije ukamlaumu Ogunde kwa yale ambayo ni ya zama zake tu, au ukamsamehe yaliyo yake.

Kama wewe ni mtunzi wa filamu hapa kwetu na unataka kuandika kuhusu uchawi bila kumtupia bibi kizee mzigo wote, Magun itakufaa kuliko nyingine. Hadithi ya tego iko mitaani kwetu tayari. Kinachokosekana ni mtu wa kuisimulia kutoka upande wa mke.

Kama imani yako ya dini inakufanya usite kutazama ibada za jadi, The Figurine ndiyo itakayokukera kwa uchache kuliko zote, na Arugba ndiyo itakayokutaka uvumilie zaidi, kwa kuwa haiombi radhi mahali popote.

Kama ni mpenzi wa mambo ya kale na unasikia Kiyoruba au una rafiki wa kukutafsiria, tafuta Aiye kwa udi na uvumba, na kaa na huyo rafiki karibu, kwani nusu ya raha iko kwenye maapizo.

Na kama ni Jumamosi usiku, watoto wako macho na bibi yao yupo, weka Arugba. Anikulapo isubiri wakalale.